Mapazia Mazuri, Breki za Maombi

Uvumilivu wangu uliisha Jumamosi asubuhi, katikati ya yadi ya magari pale Nakuru, Bwana Wilfred, muuzaji wa yadi, aliponiambia, "Mama Cheruto, wacha kelele. Tuletee chai."

Chai nilikuwa nimemletea mara nyingi tu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, najua kupiga taipu bila kuangalia vidole, na kila asubuhi serikali ya yadi ile iliona heri kipaji hicho kitumike kuchemsha maziwa. Sikulalamika. Lakini siku hiyo chai ilinishinda. Jana yake nilikuwa nimeteremsha gari kutoka Mau Narok, binti yangu wa miezi minane akiwa ndani, na katikati ya mteremko gari likaamua kwamba kusimama ni jambo la hiari. Sasa gari lilelile lilikuwa limeoshwa, limepigwa polishi, na Wilfred ameegemea paa lake na tai yake nyekundu, akimwambia nesi mmoja aliyekuja kununua, "Breki? Nesi, hii iko na breki mpya kabisa."

"Chai utakunywa," nikamjibu. "Lakini utainywea Subukia. Na utaendesha wewe."

Hapo nitarudi. Kwanza niongee na nyinyi vijana, kwa sababu ni nyinyi mnaonitia hasira siku hizi. Nawaona mkipita hapa Kiamunyi na yale magari ya zamani ya kulala, yenye kitanda na sinki na paa la kuinuliwa. Mnakuja kuniuliza kwa sababu mmesikia nilifanya kazi ya kuuza magari mpaka nikastaafu. Na mnauliza nini? Kama rangi ni ile ya kiwandani. Kama mapazia ni ya wakati ule. Mmoja aliniuliza kama sinki ni ya "kweli". Nikamwambia sinki ni ya kweli sana, na utaiona vizuri zaidi ikikufuata mpaka kwenye kioo cha mbele siku breki zitakapokukataa.

Magari yale yalitufikia kwa njia mbili. Kwanza walowezi walipouza mashamba baada ya uhuru, waliuza na kila kitu, kuanzia mbwa mpaka kijiko. Halafu wakaja vijana wa Kizungu wenye nywele ndefu, waliokuwa wametoka kwao wakiendesha, wamevuka jangwa, wamelala ndani ya gari miezi na miezi. Wengi waliondoka kwao wakipendana. Wakifika kwetu hawasemezani. Basi gari linauzwa upesi, kila mmoja anatafuta ndege yake, na sisi tunabaki na kitanda kilichobonyea upande mmoja.

Kazi yangu kwenye karatasi ilikuwa karani. Lakini mimi nilijua kuendesha, na Wilfred hakupenda kutoka nje ya mji, vumbi lilimharibia viatu. Kwa hiyo gari likipatikana Njoro au Molo au juu Mau, naambiwa, "Kimbia uchukue." Niliyajua magari yale kwa makalio yangu kabla hata fundi hajayafungua.

Udereva alinifundisha baba, aliyekuwa akiendesha lori la ngano huko Njoro. Alinifundishia shambani, ngano ikishavunwa, mahali ambapo huwezi kugonga kitu isipokuwa bata. Alikuwa na sheria moja tu ya mteremko: "Shuka na gia ile ungepandia." Kama mlima ungekutaka gia ya pili kuupanda, basi ushuke na ya pili. Breki ni ya kusimamia, si ya kushukia. Nilidhani ni mambo ya wazee. Mpaka siku yangu ilipofika.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa Mzee Gurdip, fundi mkuu wa yadi, Singasinga mwenye ndevu nyeupe na mikono myeusi ya grisi. Aliniita "beti," yaani binti kwa lugha yao. Yeye ndiye aliyenionyesha tofauti ya breki za ngoma na breki za diski, na alinionyesha wakati wa chai, akitumia vyombo.

"Ngoma ni sufuria umefunika," alisema. "Ndani moto, moto inatafuta mlango, mlango hakuna. Ukikanyaga-kanyaga mteremko mrefu, laining, ile inasugua ngoma ndani, inachemka, inateleza kama sabuni. Diski ni chapati juu ya tawa. Iko wazi, upepo inapita, inapoa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mzee. Kwa hivyo ngoma ni mbaya."

"Nani amesema mbaya? Ngoma imerekebishwa vizuri, dereva iko na akili, itafika. Diski na dereva mjinga, itafika pia. Mochari."

Kingine alichonifundisha, na hiki mkiandike kwenye simu zenu mahali mtakapokiona: pedali ya breki unaikanyaga mara moja. Mara ya kwanza ndiyo ukweli. Ikizama karibu na sakafu, hapo umeambiwa ukweli. Ukiipampu mara mbili tatu itapanda juu, itakuwa ngumu, itakupendeza, na huo ni uongo. Barabarani ng'ombe hakupi nafasi ya kukanyaga mara tatu.

Wilfred naye alilijua hilo vizuri sana. Ndiyo sababu kabla mteja hajaingia, yeye alitangulia ndani "kupangusa usukani kidogo." Mkono unapangusa juu, mguu unapampu chini. Mteja akikaa, anakuta pedali imesimama kama askari wa gwaride. Kisha anampeleka barabara ya kuelekea Lanet, tambarare, asubuhi, gari tupu, na kurudi. Kwa safari hiyo hata mkokoteni ungepata sifa.

Wateja wetu nao walimsaidia. Walipiga matairi teke. Sijui nani aliwafundisha. Mwanamume anakuja amevaa koti, anazunguka gari kimya, anapiga tairi teke, anaguna, analipa. Kama tairi lingeweza kuguna, naona lingemjibu.

Halafu kulikuwa na ule ugonjwa wa kushuka fri. Miaka ile petroli ilipanda bei ghafla, na kila dereva wa Bonde la Ufa akawa mchumi. Akifika kilele cha mteremko anatoa gia, gari linateleza lenyewe, na yeye anatabasamu kama amemwibia mfalme. Wilfred aliwaonyesha wateja wake. "Sikiza injini, imelala! Hii gari inakunywa kama ndege." Ni kweli, inakunywa kidogo. Lakini umeachia gia, sasa uzito wote unabebwa na breki peke yake, na kama ni za ngoma, rudi kwenye sufuria ya Mzee Gurdip. Wenye diski walidhani wao wamesalimika. Magari mengine ya diski yalikuwa na sevo, kile kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga, na sevo inafanya kazi injini ikiwa hai. Mwalimu mmoja wa Njoro, mtu wa hesabu, aliona kushuka fri hakutoshi, akazima injini kabisa. Alipotaka kusimama, pedali ilikuwa ngumu kama ukuta. Alisimamishwa na kibanda cha viazi. Alitoka mzima, akalipa viazi, na hesabu ya petroli aliyookoa hatukuiulizia.

Sasa, yadini kulikuwa na magari mawili ya kulala. Moja la kijani, moja la rangi ya maziwa.

La kijani lilikuwa zuri. Mapazia ya maua, kabati za mbao zinazong'aa, sinki, jiko la gesi, kitanda kinachokunjuka. Injini nyuma, ngoma kwa magurudumu yote manne. Usukani ulikuwa na uhuru mwingi: unageuza, unasubiri, gari linafikiria, halafu linakubali. Mti wa gia ulikuwa kama mwiko ndani ya uji, unaukoroga mpaka unakutana na kitu, na unaomba kiwe gia ya tatu. Upepo wa ubavuni kule uwanda wa Gilgil unalisukuma mpaka upande wa wengine, na dereva ameketi mbele kabisa, magoti yake ndiyo bampa.

La rangi ya maziwa lilikuwa na sura ya mtu aliyelala na nguo. Limebonyea ubavu, mapazia ni mashuka ya kijivu. Injini katikati ya viti vya mbele, inakuchoma paja na inapiga kelele mpaka mazungumzo yanakuwa ya ishara. Lakini mbele lilikuwa na diski, gia zake zilijulikana zilipo, na ukilikanyaga linasimama limenyooka, haliendi kuwasalimia watu kando ya barabara.

Hakuna aliyelitazama mara mbili.

Nesi Damaris alikuja kutafuta gari la aina hiyo, na si kwa ajili ya kutalii. Alikuwa mkunga huko Subukia, mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusema "sukuma" na watu wakasukuma. Akina mama wa kanisa lake walikuwa wamechanga pesa za maziwa. Alitaka kitanda, bomba la maji na kabati la dawa, vyote ndani ya gari, aweze kuwafuata wajawazito vijijini badala ya wao kuletwa wamebebwa juu ya mlango uliong'olewa. Nani mwingine anauza kitanda, bomba na kabati juu ya magurudumu? Alikuwa na akili kuliko watalii wote.

Na kutoka Nakuru kwenda Subukia, nyinyi mnaijua ile barabara. Unapanda, halafu bonde linafunguka chini yako, na unashuka, na unashuka. Sasa weka ndani maji, gesi, dawa, mama mwenye uchungu, mama mkwe wake na shangazi wawili wa kumtia moyo.

La kijani nilikuwa nimelichukua jana yake, Ijumaa. Mzee Gurdip alikuwa amesafiri kwenda Kisumu kwa harusi ya mpwa wake. Yaya wangu alikuwa mgonjwa, na Wilfred akasema gari lazima lifike leo, mteja anakuja kesho. Basi nikaenda na mtoto. Kule Mau Narok mwenye gari, kijana Mzungu aliyebaki peke yake na kikohozi, alinikabidhi funguo pamoja na masanduku yote ya bibie aliyemwacha, tumpelekee stesheni. Gari lilikuwa limejaa. Nilivuta droo ya vyombo, nikaitandika shali, nikaikaza kati ya viti, nikamlaza Cheruto ndani. Alilala kama mlevi.

Kilomita za kwanza nilikanyaga breki kama kila mtu. Nilichoka na kukoroga uji, nikaliacha kwenye gia ya tatu. Kisha nikasikia harufu, kama kwato za ng'ombe zinazochomwa. Kona iliyofuata nikakanyaga, pedali ikashuka. Nikapampu, ikapanda, ikashuka tena, ngumu kidogo halafu hakuna kitu. Gari halikupunguza mwendo hata kwa adabu.

Nisiwadanganye kwamba nilimfikiria Mungu. Nilimfikiria baba. Nikakanyaga klachi, nikakoroga, nikapiga kelele, na gia ya pili ikajitokeza kama mgeni asiyealikwa. Injini ikalia. Hendibreki nayo nikaivuta kidogo kidogo, maana ukiivuta yote gari linageuza mgongo. Mbele kulikuwa na kona nisiyoipenda, na kushoto ngano, ngano ya mtu fulani, imesimama vizuri. Nikachagua ngano. Gari likaogelea, likapunguza, likasimama. Cheruto akafungua macho, akaniangalia kama anayesema, "Tumefika?" akalala tena.

Nilikaa pale mpaka ngoma zikapoa kiasi cha kushika kwa mkono. Kisha nikarudi Nakuru na gia ya pili mwendo wote, malori yakinipigia honi. Nilimweleza Wilfred kila kitu. Alisikiliza vizuri, akatikisa kichwa.

"Pole sana, Mama Cheruto. Hizo ni nerves. Mwanamke akiwa ananyonyesha, anaogopa."

Nikamwambia maziwa yangu na mafuta ya breki yanakaa mahali tofauti. Nikaenda nyumbani Kaptembwo nikiamini kesho yake hatamwonyesha mtu gari hilo kabla fundi hajarudi. Hapo ndipo nilipomdharau kidogo kuliko alivyostahili.

Sasa turudi yadini.

"Subukia kufanya nini?" Wilfred aliuliza, bado anacheka.

"Kumwonyesha Nesi. Si yeye atakuwa akishuka huko? Tujaze tangi la maji, tuweke magunia ya viazi mahali pa wagonjwa, ushuke nayo."

"Nesi, usimsikilize huyu. Amelala vibaya."

Nesi Damaris alikuwa ameshaingiza kichwa garini. Alikuwa akiangalia kitanda, anakipima kwa mikono. Nilimwona amekipenda. Nilimwelewa, hata mimi mapazia yale niliyapenda.

Ndipo Mungu akamleta mke wa Wilfred. Alikuwa akitoka sokoni na wanawe wawili, amempitishia mume chakula. Mama mzuri, hakuwa na shida na mtu.

"Mama Ken!" nikamwita, na sauti yangu ikawa tamu ghafla. "Umekuja wakati mzuri. Baba Ken anampeleka Nesi Subukia na hii gari nzuri. Pandeni, kuna nafasi, watoto waone bonde."

"Kweli?" Watoto hawakungoja jibu. Waliruka ndani, wakajitupa kitandani, wakafungua bomba, wakafunga mapazia. Mama Ken akaweka kikapu ndani, akaanza kupanda, anacheka.

"Shukeni," Wilfred akasema.

"Baba, iko na sinki!"

"Shukeni huko!"

"Sasa kwa nini, Baba Ken? Si unaenda?" Mama Ken alikuwa na mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Nimesema washuke! Hakuna mtoto wangu anaenda mahali na hii gari!"

Yadi yote ikageuka kumtazama. Hata yeye alijisikia, nadhani, kwa sababu aligusa tai yake. Nesi Damaris alitoa mikono kwenye kitanda. Alimwangalia Wilfred vile wakunga wanavyomwangalia mwanamume aliyekuja kusema ana haraka.

"Mimi nitangoja huyo fundi Singasinga arudi," alisema. "Na nitataka kuona ile ingine. Ile mbaya."

Kwa hivyo hilo ndilo jaribio langu la breki, vijana, na halihitaji spana. Usimwulize muuzaji kama gari linasimama. Mwalike ashuke nalo pamoja na watoto wake, kisha uangalie uso wake. Mengine, ngoma na diski na sevo, ni ya kuongezea.

Nesi alipoondoka Wilfred hakupiga kelele. Alikula chakula chake chote kwanza. Halafu akaniambia kuna mwalimu mkuu kutoka Molo anakuja Jumatatu, anataka gari la kupelekea familia likizoni, na huyo hana karani wa kumharibia akili. "Ukifungua mdomo tena, Mama Cheruto, hiyo Jumatatu usije."

Mume wangu alikuwa kibarua wa msimu, na msimu ulikuwa umeisha. Ujira wangu ndio uliotulisha. Nilifikiria hilo Jumapili nzima, nikiosha nepi. Kila nilipofika kwenye jibu, nilisikia ile harufu ya kwato.

Jumatatu sikwenda yadini. Nilimfunga Cheruto mgongoni nikaenda ofisi ya serikali ya kukagua magari, mapema, kabla mwalimu wa Molo hajaamka. Karani wa kaunta aliniangalia mimi, akaangalia mtoto, akaonyesha dirisha kwa kalamu.

"Mama, kliniki ni jengo la pili."

"Sikuja kliniki. Nimekuja kushtaki breki."

"Bwana yako ndiye dereva?"

"Dereva ni mimi."

Alifikiria. Akanisukumia karatasi, akasema malalamiko rasmi huandikwa, tena kwa heshima. Mtoto akaanza kulia, nikamnyonyesha kwa mkono mmoja, nikaandika kwa ule mwingine. Nikampa, akasoma mpaka mwisho, akasimama kwenda kumwita mkubwa wake. Niliandika hivi:

"Kwa Mkaguzi wa Magari, Nakuru.

Bwana,

Nalalamika rasmi juu ya gari la kulala la rangi ya kijani lililoko katika yadi ninayofanyia kazi, au niliyokuwa nikifanyia kazi mpaka leo asubuhi. Linauzwa kama lenye breki mpya. Siku ya Ijumaa liliposhuka kutoka Mau Narok likiwa na mzigo halikuwa na breki yoyote, mpya wala kuukuu. Dereva nilikuwa mimi. Abiria alikuwa mtoto wangu, ambaye bado hajui kuandika, kwa hiyo namwandikia.

Naomba likaguliwe leo kabla halijauzwa. Naomba likaguliwe likiwa limejaa, mteremkoni, na si likiwa limesimama uani. Naomba pedali ikanyagwe mara moja tu.

Mashahidi wangu ni ngano iliyolala kule Mau Narok, na watoto wawili wa muuzaji, ambao baba yao, mbele ya watu, aliwakataza kulipanda.

Ikiwa Mkaguzi ataona ninasema uongo, namwomba kwa heshima alishushe yeye mwenyewe mpaka Subukia pamoja na familia yake. Mimi nitawangoja hapa ofisini. Nitakuwa nimewapikia chai.

Wako mtiifu,
Mama Cheruto."